Uliza Dokta wa Mifugo: Pilau la shughuli, korosho na uraka

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Mikindani, nina mbwa wa kulinda shamba nguruwe wasinimalizie mihogo. Jirani walikuwa na shughuli ya unyago, ukabaki ukoko wa pilau na mchuzi nikamsombea, kala siku mbili. Sasa kalegea, hali kitu, na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi kabisa. Huyu ananambia mpe maziwa, yule anasema maji ya chumvi atapike. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Usishike hata moja. Maziwa hayaondoi sumu, na maji ya chumvi yenyewe ni sumu kwa mbwa yakizidi, afu siku zishapita, tumboni hamna tena cha kutapika. Mfunue mdomo uangalie fizi, zikiwa nyeupe au za njano ujue damu imepungua, mpeleke kwa dokta leo leo.

Mi nashuku vitunguu. Pilau la shughuli unalijua, kitunguu kinakaangwa beseni zima na saumu juu yake, na kwa mbwa vyote viwili vinaharibu chembe nyekundu za damu, zikipasuka ndo unaona mkojo unabadilika. Kupika hakusaidii, hata kikiyeyukia kwenye mchuzi ukawa hukioni bado kipo. Gramu 15 mpaka 30 kwa kila kilo ya mbwa zinatosha kumdhuru, yaani mbwa wa kilo 10 ni kama vitunguu viwili vitatu tu, na kidogo kidogo kila siku nako kunajumlishana. Dalili zinachelewa siku kadhaa, ndo maana pilau la Jumamosi hakuna anayelikumbuka mbwa akilegea Jumatano. Na kama lilitiwa zabibu kavu mwambie dokta pia, hizo zinaua figo.

Ila usinishikilie sana kwenye kitunguu, kwa sababu kupe nao wanaleta ugonjwa wa damu wenye mkojo wa hivyo hivyo, na mbwa wa shamba asiye na kupe huku kwetu mi sijamwona. Damu ipimwe. Ugonjwa wa kupe una dawa yake, kitunguu hakina, anasaidiwa kwa dripu na ikibidi kuongezewa damu mpaka mwili utengeneze nyingine.

SWALI: Dokta, wakati wa kubangua watoto wanamrushia mbwa korosho. Hazina shida? Newala.

JIBU: Ikishakaangwa na kumenywa, moja mbili hazimfanyi kitu. Karanga yenye sumu kwa mbwa ni makadamia, inamlegeza miguu ya nyuma. Korosho shida yake ni mafuta, akila bakuli zima kongosho linaweza kuvimba, na zile za chumvi ndo kabisa asipewe. Maganda yafagieni, yale mafuta yake yanayowababua nyie mikono na mdomo wa mbwa yanaubabua. Mi ninachoogopa zaidi ni karanga na pumba zilizoota ukungu, maana watu wakiona hazifai wanamwagia mbwa. Humo mna sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016, inakula ini na ukichemsha haitoki. Kama wewe huili kwa sababu ya ukungu, mbwa naye asiile.

SWALI: Msimu wa mabibo mbwa wetu wanakunywa uraka, ile pombe ya mabibo, na kula machicha yake, wanapepesuka sisi tunacheka. Kaka yangu anasema ni dhambi tu, hawafi. Niko Nachingwea.

JIBU: Mwambie kaka wanakufa. Mwili wa mbwa ni mdogo na pombe inaingia kwenye damu haraka, sukari inashuka, joto la mwili linashuka, na pumzi nayo inazidi kuwa ndogo, na hapo naongelea uraka tu, gongo ndo usiseme. Machicha yafukieni au yafunikeni kitu kizito. Akishapepesuka msimlazimishe chakula wala maziwa, yatapita njia ya hewa, na msimmwagie maji ya baridi eti azinduke. Mlazeni ubavu, mfunikeni gunia apate joto, ukimwita asiposhtuka tafuteni bodaboda mumwahishe kwa dokta.