Nalala Kansas, kazi iko Missouri: ukweli kuhusu kodi za huku

Mdogo wangu juzi kaniuliza swali kwenye simu na najua hayuko peke yake, shangazi alishaniuliza na jamaa wawili wa Morogoro wanaojiandaa kuja nao wameniuliza: eti ni kweli Marekani unakatwa kodi mara mbili ukikaa jimbo moja na kazi ikawa jimbo jingine? Na kwa nini ikifika mwezi wa nne mimi nakuwa mzito kutuma hela wakati wenzangu huku huku wanapost wamepata refandi, yaani wamerudishiwa kodi waliyokatwa zaidi? Leo nina off, nawajibu kama ilivyo.

Nyumbani ukiajiriwa mwajiri anakata PAYE anapeleka TRA, unachukua kinachobaki, basi. Huku serikali kuu ina kodi yake, halafu majimbo nayo yana kodi zao na kila moja na sheria zake. Texas, Florida, Tennessee, Washington na mengine machache hayagusi mshahara wako kabisa. Mengi yanagusa.

Sasa mimi niko Kansas City, na hii ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wa Kansas mwingine wa Missouri. Kuna sehemu mpaka ni barabara tu, inaitwa State Line Road, upande mmoja Kansas, ukivuka uko Missouri, hakuna geti wala afisa kama pale Tunduma, mtu anavuka kwenda kununua mkate. Nilipofika nilipata chumba Kansas kwa sababu pango lilikuwa nafuu na kazi nikapata kwenye ghala upande wa Missouri, kupanga maboksi usiku, na wallahi sikuwaza kabisa kwamba ule mwendo wa dakika 20 una maana yoyote kwa serikali.

Mwajiri lazima akupe karatasi ya W-2, inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa, kufikia tarehe 31 Januari. Yangu bado ninayo. Chini kabisa kwenye kiboksi namba 15 imeandikwa MO, yaani Missouri, namba 16 mshahara, namba 17 walichokata. KS haipo popote. Nikampelekea mtu anayejazia watu kodi, akaona MO akanijazia Missouri kama mkazi wa kule, hakuniuliza nalala wapi na mimi sikujua kama inabidi niseme. Nikapata refandi, mwaka uliofuata hivyo hivyo, na ile hela ndiyo ilinunua mabati ya nyumba ya mama, mnakumbuka.

Halafu ikaja barua kutoka Kansas. Wananidai dola elfu tatu na kidogo, kodi ya miaka miwili pamoja na faini na riba. IRS, yaani TRA ya serikali kuu ya huku, inapeana taarifa na majimbo, na kwenye ritani yangu ya serikali kuu (ile fomu ya kodi unayojaza kila mwaka) anwani ilikuwa ya Kansas, kwa hiyo wanajua huyu mtu anaishi kwetu, ana mshahara, mbona hatujaona ritani yake? Ile barua niliisoma nimekaa kwenye ngazi za nje na nguo za kazi, nikairudia mara nne. Hiyo ndiyo miezi ambayo mliniona kimya na baadhi yenu mkasema nimebadilika. Sikuwa nimebadilika, sikuwa na hela na niliona aibu kusema.

Kilichoniokoa ni dada mmoja Mkenya anayefanya uhasibu, alinikalisha mezani kwake Jumapili akanielewesha. Jimbo unapoishi lina haki ya kutoza mapato yako yote popote ulipoyapata. Jimbo unapofanya kazi lina haki kwa kile ulichopata ndani yake tu. Kwa hiyo ritani ni mbili, lakini jimbo la nyumbani linakupa krediti, yaani linapunguza kodi yake kwa ulicholipa kule. Kansas walikuwa wananidai yote kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba Missouri nilishalipa. Tulirekebisha Missouri nikawa si mkazi, tukajaza K-40, ritani ya Kansas, na krediti yake, lile deni likashuka hadi kama dola 690 na riba ndani. Hiyo 690 ilikuwa halali yao, maana kodi ya Kansas iko juu kuliko ya Missouri na ile tofauti unamalizia nyumbani.

Kwa hiyo hapana, hukatwi mara mbili ukijaza vizuri, unaishia kulipa kiwango cha lile jimbo lenye kodi kubwa. Mwaka 2015 hata Mahakama Kuu ya Marekani iliibana Maryland iliyokuwa inakataa kutoa krediti kwenye sehemu ya kodi ya kaunti. Ila jazeni la kazini kwanza ndipo la nyumbani, kwa sababu namba ya krediti inatoka kule. Na kuna kingine kinachoniuma mpaka leo, mji wa Kansas City upande wa Missouri unakata asilimia 1 ya mshahara hata kama hulali pale, wakazi wanaipigia kura kila miaka mitano na sisi tunaovuka kila siku hatuna kura.

Si kila mahali ni hivi. Wanaokaa Maryland na kufanya kazi Virginia wana makubaliano, unampa mwajiri fomu siku ya kwanza anakukatia ya Maryland tu, na Washington DC haitozi kabisa mishahara ya wanaotoka nje kuja kufanya kazi. Binamu yetu wa malori anapita majimbo kumi kwa wiki lakini sheria ya serikali kuu inasema dereva kama yeye anatozwa na jimbo anapoishi tu, asikubali mtu amjazie kumi.

Mimi siku hizi naweka pembeni dola 30 kila mwezi kwa ajili ya Kansas, na tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kodi, ikipita nawatumia kama kawaida. Mdogo wangu, kabla hujasaini mkataba wa chumba nitumie anwani ya chumba na anwani ya kazi, zote mbili, hata kama ni saa nane ya usiku huku.