Ukitengeneza ng'onda au jamu, usibanie chumvi wala sukari

Kila msimu wa maembe swali ni lile lile, mbona jamu yangu inaota ukungu mapema hivo, na mimi jibu langu huwa moja tu, umebania sukari. Ng'onda nayo, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa juani, hivo hivo, mtu anamnyunyizia samaki chumvi kama anaunga mchuzi afu anashangaa anavunda.

Ishu ni maji. Bakteria na fangasi bila maji hawazaliani, sasa ukijaza chumvi au sukari ya kutosha, maji yanavutwa nje ya nyama ya samaki na hata ndani ya mwili wa bakteria mwenyewe, ananywea. Ila wengine hawafi, wamezubaa tu, ndo maana ng'onda ukishairoweka kupunguza chumvi ipike siku hiyo hiyo, usiilaze.

Mimi nachukua samaki mbichi kabisa, nampasua mgongoni, natoa matumbo na mashavu, naosha ile damu inayojificha kwenye uti wa mgongo manake hapo ndo panaanza kuoza, penye nyama nene napachanja. Kilo 3 za samaki, chumvi ya mawe kilo 1, na pima kwa mizani jamani, usikadirie kwa mkono. Naisugua mpaka ndani ya zile chanjo, napanga kwenye ndoo chumvi, samaki, chumvi, samaki, juu sahani na jiwe. Baada ya masaa kadhaa utaona majimaji yamepanda yenyewe na wewe hujatia hata tone, hayo ndo bakteria alikuwa anayategemea! Kesho yake anatoka juani, juu ya chanja, sio mchangani.

Na hili nasema kwa msisitizo, chumvi haimrudishi samaki aliyekwisha haribika. Jodari au vibua wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza kemikali inaitwa histamini, na hiyo haitoki kwa chumvi wala kwa kupika, mtu anakula anawashwa mwili mzima, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga. Ng'onda ikianza rangi ya pinki na utelezi pia tupa, wapo bakteria wanaoipenda hiyo chumvi, na unyevu wetu wa pwani unawapa nafasi.

Jamu: kilo ya embe kwa kilo ya sukari, kamulia ndimu kwa sababu asidi nayo inawabana, chemsha mpaka izito, lengo sukari ifike kama asilimia 60 au 65 ya jamu yote. Mimina ikiwa moto kwenye chupa uliyoichemsha. Unataka sukari kidogo? Sawa, ila hiyo ni ya friji na iliwe upesi. Na kijiko kiwe kikavu, tone la maji likibaki juu ya jamu linaizimua sukari pale pale lilipoangukia, na ukungu unaanzia hapo hata kama chini kote jamu iko salama.