Kushusha gari bila kuumiza mgongo

Wiki hii karibu wote mlioniandikia mnataka gari likae chini kama yale ya picha za Japani, lakini lisiwarushe. Mwenye swali la breki anisubiri.

Fundi shikamoo. Nina Toyota Crown Athlete, nakaa Nyegezi, Mwanza. Nataka kuishusha, ila mke wangu ni mjamzito na kurushwa hataki. Nishushe kiasi gani?

Marahaba. Sentimita 2.5, ukizidi sana 3. Ulaini wa gari si springi peke yake, ni nafasi ambayo tairi inayo ya kupanda kabla shokapu haijagota kwenye raba yake. Tuseme lako lina sentimita 8. Ukishusha 5 umebaki na 3, na tuta la kwanza ukielekea Mkolani linazimaliza zote. Ndiyo maana springi fupi hutengenezwa ngumu kuliko za awali: zingekuwa laini, gari lingegota kila mara.

Tafuta springi fupi za Crown ya toleo lako hasa, na uangalie zile ambazo mizunguko ya upande mmoja imebanana na ya upande mwingine imeachana. Hizo hulegea kwenye vishimo vidogo na kukaza mzigo unapozidi. Halafu zigeukie shokapu, maana hapo ndipo wengi wanapobania hela. Springi ngumu juu ya shokapu iliyochoka ndiyo inayorusha watu. Kandamiza kona ya mbele kwa nguvu, achia. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kucheza, shokapu imekufa hata kama haivuji mafuta. Funga mpya nne siku hiyohiyo ya springi, kwa sababu kazi ya kufungua ni moja. Na bushi, zile raba za maungio ya mikono ya tairi, zilizopasuka usizirudishe.

Kuhusu mama: mpaka ajifungue, liache lilivyo.

Kuna fundi huku kwetu anakata springi kwa bei ya kutupa. Si ni kitu kilekile?

Hapana. Springi kadiri inavyopungua mizunguko ndivyo inavyokuwa ngumu. Yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata 1, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 14, na nafasi ya kupanda umeshaipunguza. Ncha iliyokatwa nayo haikai vizuri kwenye kikombe chake. Tairi ikining'inia springi inalegea, na ikirudi inagonga. Wanaoichoma kwa gesi ili ilale ni wabaya zaidi, chuma kinapoteza ukakamavu wake na siku moja kinakatika. Usikubali hata ukifanyiwa bure.

Mwangaluka fundi. Nina Mercedes-Benz S-Class, toleo la W220, ya hewa. Asubuhi naikuta imelala mbele kulia. Vijana wa Capri Point wanasema imependeza. Niiache?

Mwangaluka. Wamekusifia ugonjwa. Gari hilo, lililotoka mwaka 1998 likiwa na mfumo wa Airmatic, linakaa juu ya mifuko ya hewa, na mmoja unavuja. Paka maji ya sabuni kwenye mikunjo ya raba na pale mpira wa hewa unapoingilia juu, utaona mapovu. Ukichelewa, kompresa, yaani pampu ya hewa, inajaza kutwa nzima hadi inaungua, na hapo umenunua vitu viwili badala ya kimoja. Na usiingie chini ya gari la hewa bila stendi imara. Likitoa hewa halipigi hodi.

Ukishatengeneza, kulishusha ni rahisi kuliko la springi. Sensa za kimo zimeunganishwa na mikono ya tairi kwa vijiti. Ukiweka vijiti vya kurekebishika, kompyuta inadhani gari liko juu, inatoa hewa. Sentimita 2 zinatosha, na bado utapanda kama mtu wa S-Class. Kumbuka tu kwamba kitufe cha kunyanyua kitakunyanyua kutoka hapo ulipolishusha, si kutoka kimo cha zamani.

Nimeshusha Mark X, sasa matairi yanaliwa upande wa ndani.

Hukufanya alaimenti, yaani kupanga mielekeo ya matairi. Gari likishuka tairi zinalala na pia zinaacha kutazama mbele sawasawa. Nenda leo, na taa zipimwe hapohapo.

Rimu za inchi 20 au nibaki na 18?

Baki. Tairi ya 245/45 ya inchi 18 ina ukuta wa milimita 110. Ya 245/35 ya inchi 20 ina 86. Hizo 24 zilizopotea ndizo zilizokuwa zinameza mawe ya barabara zetu za milimani kabla springi haijajua kuna nini. Kama hela inakuwasha, nunua tairi nzuri za 18.

Kila Ijumaa navuka Kamanga kwenda Sengerema. Gari imeshushwa, bampa inakwaruza kwenye mlango wa kivuko.

Panda polepole sana bila abiria wala mizigo kwenye buti, na waombe wanaopanga magari kivukoni wakupe nafasi uingie kwa mshazari kidogo ili tairi moja itangulie. Siku wakiwa na haraka hawatakubali. Basi zunguka kwa Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Njia ni ndefu, lakini bampa la Kijapani kwa sasa ni ghali kuliko mafuta.