Mchungaji aliyepaka uji chini ya picha zake

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mchungaji, na nikipata nafasi huchora mandhari kwa rangi za mafuta. Mwaka jana nilikuwa Edinburgh kwa masomo mafupi, nikapelekwa kuona picha za mchungaji mwenzetu wa zamani, John Thomson wa Duddingston. Moja ni ya ngome juu ya jabali la bahari. Anga lake lilinigusa mno, lakini sehemu za giza zimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Picha za jirani, kongwe kuliko hiyo, ni nzima. Kwa nini? Nauliza pia kwa sababu nimezawadiwa kichupa cha rangi ya kahawia iliyotengenezwa kwa lami, na aliyenipa anasema ndiyo siri ya vivuli vya wachoraji wa zamani. Nikitumie?

JIBU: Amina, Mchungaji, na shikamoo kama umenizidi umri. Kichupa kiweke kabatini kiwe kumbukumbu. Usikifungue.

Ulichokiona si uzee. Mipasuko ya uzee ni myembamba kama unywele, na rangi ya pande zote mbili huwa ngumu kama kigae. Hiyo uliyoieleza ni mipana, kingo zake zimejikunja, na ukiinama karibu unaona ute wa kahawia umejaa katikati. Maana yake tabaka la juu lilikauka na kujivuta huku la chini likiwa bado bichi. La juu likaachana vipandevipande, kila kipande kikielea kivyake.

La chini ni lami. Wachoraji walitumia lami ya asili, iliyotoka pande za Bahari ya Chumvi na kwingineko, wakaiyeyusha kwenye mafuta. Ni ndugu wa damu wa lami ya barabarani, na tabia zake unazijua: vuka barabara saa nane mchana mwezi wa Januari uone kama ndala haitabaki nyuma. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba. Hunyonya oksijeni ya hewani, yakaganda na kuwa ngozi ngumu. Lami huingilia kati ikazuia kazi hiyo, na yenyewe haikauki asilani. Ikipata joto hulainika upya.

Nilipokuwa najifunza kazi hii ya kusafisha na kutunza picha za zamani nilipaka ubao mmoja kwa makusudi: lami chini, nyeupe juu yake baada ya wiki tatu. Siku ile ilipendeza kweli, kahawia yenye kina kama chai ya rangi ukiitazama kwenye glasi. Nikauegemeza karibu na dirisha. Joto la pwani lilipopanda, nyeupe ilishuka upana wa kidole, ikafunguka katikati kama mdomo, na kwenye ukingo wa chini kukaning'inia tone jeusi. Ubao huo ninao hadi leo. Nikiubonyeza kwa ukucha, alama inabaki.

Ndiyo maana simlaumu Thomson kwa kuipenda. Hata David Wilkie, Mskoti mwenzake aliyesoma uchoraji shuleni hasa, aliangukia humo humo. Ila kwa Thomson kulikuwa na kasoro nyingine ya chini zaidi, na hiyo inatokana na maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1778 huko Dailly, Ayrshire, baba yake akiwa mchungaji wa Kanisa la Scotland. Kijana alitaka brashi, nyumbani wakataka mimbari. Akiwa mwanafunzi Edinburgh alipata masomo machache kwa Alexander Nasmyth, fundi wa mandhari, basi. Baba alipofariki mwaka 1799, mwaka uliofuata mwana akashika usharika wa Dailly. Mwaka 1805 akahamia Duddingston, kijiji kilicho chini ya kilima cha Arthur's Seat, kando ya ziwa dogo, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1840. Mwandishi Walter Scott alikuwa rafiki yake na mzee wa kanisa katika usharika huo. Scott alipoandika maelezo ya kitabu cha mambo ya kale ya Scotland, kilichotoka kati ya 1819 na 1826, michoro ya Thomson iliwekwa pamoja na ya Turner, mchoraji mashuhuri wa mandhari wa Uingereza. Akademia ya Kifalme ya Scotland ikampa uanachama wa heshima mwaka 1830. Picha zake zilinunuliwa na watu wakubwa, naye aliendelea kuhubiri, kubatiza na kuzika.

Sasa angalia pengo lililopo. Mtoto aliyewekwa kwa fundi miaka saba hachori mlima mwaka wa kwanza wala wa pili. Anasaga rangi, anapika gundi, anapaka kitambaa msingi hadi mikono inajua. Thomson aliruka yote hayo. Jicho alikuwa nalo, na kwa jinsi bahari inavyopiga mwamba sioni Mskoti wa kizazi chake aliyempita. Jiko hakuwa nalo. Msingi wa vitambaa vyake alijipikia mwenyewe kwa unga na siki, akauita kwa Kiskoti “parritch”. Neno hilo maana yake ni uji, Mchungaji. Uji hasa, wa asubuhi.

Siki ilisaidia usichache. Lakini uji uliokauka unakunywa unyevu wa hewa, ukavimba. Hewa ikikauka, unasinyaa. Kando ya ziwa la Scotland, kwenye nyumba inayopashwa moto wa makaa, hilo linatokea mwaka mzima. Kwa hiyo chini pana msingi unaopumua, katikati pana lami isiyokauka, juu pana rangi iliyokwisha kuwa ngumu. Picha hiyo ingeponea wapi? (Kwetu mende wangeimaliza kabla haijapasuka.)

Kulikuwa na kitu cha tatu: megilpi, yaani mafuta ya kitani yaliyochemshwa na madini ya risasi, yakachanganywa na vanishi ya mastiki, utomvu wa miti ya kisiwa cha Chios. Mchanganyiko unakuwa kama jeli, unateleza vizuri kwenye brashi. Baadaye hugeuka rangi ya asali chafu. Ubaya wake mkubwa tunaupata sisi wasafishaji: dawa inayotoa vanishi kuukuu juu ya picha inayeyusha na megilpi iliyomo ndani ya rangi. Unafuta uchafu, pamba inakuja na kivuli cha ngome. Ndiyo maana picha nyingi za namna hiyo zinaachwa na giza lake. Tunachoweza ni kuziweka mahali pa ubaridi usiobadilika, na kutia mipasuko inayoumiza macho rangi kidogo ya maji ambayo atakayetufuata anaweza kuiondoa. Na tafadhali, ukiona mtu anataka kusafisha picha ya zamani kwa kipande cha kiazi au kitunguu, mzuie.

Kwa vivuli vyako, changanya kahawia ya udongo uliochomwa na buluu ya altramarini. Udongo ule una madini ya manganizi, nayo huharakisha kukauka, kinyume kabisa cha lami. Ukitaka kina zaidi, usiongeze unene: pitisha tabaka jembamba mara mbili au tatu, kila la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, na usubiri la chini likauke. Nikisema likauke simaanishi lisishike vumbi. Rangi ya mafuta inaweza kuonekana kavu wiki moja tu na ndani bado ni siagi. Kama unatumia amerikani, ivute vizuri kwenye fremu, uipake jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya msingi, mara mbili na kusugua kwa msasa katikati. Ni kazi ya asubuhi moja. Jumamosi, siyo Jumapili.

Ulisahau kusema kama ulifika Duddingston kwenyewe. Ukirudi, shuka ziwani. Pale pana mnara mdogo wa pembe nane uliochorwa na msanifu William Playfair mwaka 1825 kwa ajili ya chama cha wachezaji wa kusukuma mawe juu ya barafu. Chini waliweka mawe yao, chumba cha juu Thomson akakifanya karakana. Husimuliwa kwamba alikiita “Edinburgh”, ili muumini akija kumgongea wakati anachora, wa nyumbani waseme bila kutenda dhambi kwamba mchungaji ameenda Edinburgh. Turner naye, husimuliwa, alitazama picha za mwenyeji wake bila kuzisifia, na wakati wa kuondoka akasema anamwonea wivu kwa lile ziwa.