Pima nyumba kwanza, ndipo ufunge vyombo

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Umeniuliza mambo mawili: kama Fuso moja litatosha kuhamisha vyombo vyenu kutoka Tabata hadi hiyo nyumba mliyoipata Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili, na kama Aprili, mkataba wenu wa Dar utakapokwisha, ni mwezi mzuri wa kuhama.

Fuso litatosha. Aprili hapana, na sababu zake zinakuja. Ila kwa Mji Mkongwe swali la gari ndilo dogo kuliko yote, kwa kuwa gari lolote litasimama barabarani na nyumba yenu iko ndani ya vichochoro. Taabu huanzia hapo. Nakuomba usifunge hata sanduku moja kabla mumeo hajaivukia ile nyumba na futi kamba mkononi.

Aanze na upana wa vyumba. Dari za nyumba zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu. Fundi alijenga kwa kufuata urefu wa mti, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi baina ya mita mbili na nusu na mita tatu. Kitanda chenu cha sita kwa sita ni sentimita 183 kabla ya kuhesabu fremu. Kikilazwa kukatisha chumba cha mita 2.6 mnabaki na njia ya kupita mtu, na kabati lenye milango ya kufunguka kwa nje halitafunguka kabisa. Kuta zile hazikunyooka, kwa hiyo apime mwanzo wa chumba, katikati na mwisho, kisha ashike kipimo kidogo kuliko vyote.

Baada ya vyumba, njia. Mlango wa nakshi una pande mbili, na ule mfaa, yaani mti wa katikati unaoziba mwanya, umeshikana na upande mmoja. Ukifungua upande mmoja tu anapita mtu, friji halipiti. Upande wa pili mara nyingi haujafunguliwa kwa miaka, makomeo yake ya juu na ya chini yameshikwa na kutu na rangi. Mwambieni mwenye nyumba apake mafuta na kuufungua wiki nzima kabla, maana siku ya kuhama ndiyo watu huanza kuugonga kwa nyundo na kuharibu kitu kisicho chao.

Ngazini apime vitu vitatu: upana wa ukuta kwa ukuta, kina cha kituo pale ngazi inapokata kona, na kimo kutoka kidato hadi dari iliyo juu yake. Hicho cha tatu ndicho watu husahau, na ndicho kinachokwamisha makochi, kwa sababu kochi refu hupinda kona likiwa limesimamishwa. Njia ya hakika ni hii: chukueni fito lenye urefu sawa na kile kipande kirefu kuliko vyote kisichofunguka, mfungieni fito jingine la kukatisha lenye upana wake, kisha litembezeni kutoka barabarani, kichochoroni, mlangoni, hadi chumbani juu. Fito likikwama, kochi litakwama. Hapo uamuzi ni kuuza Dar au kupandisha kwa kamba na kapi kupitia dirishani. Mkipandisha kwa kamba, kapi lisifungwe kwenye roshani ya mbao hata kama inaonekana nzima. Mbao za roshani huoza pale zinapoingia ukutani, mahali jicho halifiki.

Sasa uzito, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote. Najua mmezoea simtanki la lita 1,000 juu ya paa. Lita 1,000 za maji ni tani moja, bila tanki lenyewe. Dari ya boriti, mawe na chokaa ilijengwa kubeba watu na vyombo vya kawaida, haikujengwa kubeba tani moja iliyosimama mahali pamoja usiku na mchana, tena inayovuja kidogo kidogo. Tanki kubwa liwekeni chini uani, pampu ipandishe maji kwenye tanki dogo la lita 200 juu, likae karibu na ukuta mnene, lisikae katikati ya chumba. Vitabu vya mumeo ni hivyo hivyo: kabati la rafu tano za mita moja likijaa linaweza kupita kilo 150. Likae ubavuni mwa ukuta ule ambao ncha za boriti zimeingia, ili uzito uangukie boriti nyingi karibu na mahali zinapoegemea. Mashine ya kufulia nayo ikae chini, kwa kuwa mtikisiko wake hulegeza chokaa.

Akiwa huko, azitazame boriti zenyewe. Agonge kwa fimbo: iliyo nzima hulia kavu, iliyoliwa hulia kama boga. Unga mwembamba sakafuni chini ya boriti ni wa wadudu watoboao mbao. Doa la maji pale boriti inapoingia ukutani ni baya kuliko doa la katikati ya dari, kwa sababu ncha ndiyo inayobeba. Kama boriti zimeondolewa na kumwagwa zege, atafute nyufa zenye kutu, maana chumvi ya bahari hula nondo na zege hupasuka kutoka ndani. Dari iliyopinda katikati, au mti ulioota ukutani, ni sababu ya kutosha kurudisha ufunguo.

Sasa sababu ya kwanza ya kuikataa Aprili ni hii. Masika hujaza maji kwenye kuta za mawe ya matumbawe, ukuta unakuwa mzito huku chokaa ikilegea, na nyumba mbovu huporomoka msimu huo kuliko mwingine. Ya pili ni kwamba vyombo vitapita kichochoroni kwa rikwama, mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, bila paa, na godoro likilowa ndani ya nyumba yenye unyevu halikauki, litaota ukungu. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchafua bahari, na mizigo hucheleweshwa. Lipeni miezi ya ziada Tabata mpaka Septemba au mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli. Januari nayo ni nzuri, ila Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, isiwakute katikati ya kazi. Mahamali, wale wabeba mizigo, wamefunga na wewe umefunga. Si haki kumpandisha mtu ngazi na friji mgongoni saa nane za mchana.

Kuhusu karatasi. Kabla ya kutoa pesa, jueni mwenye nyumba hasa ni nani. Nyumba za Mji Mkongwe ziko za watu binafsi, za wakfu na za serikali, na anayewaonyesha chumba anaweza kuwa mpangaji tu. Akitaka kilemba, yaani pesa ya kupewa ufunguo mbali na kodi, ulizeni kwa maandishi analipwa nani na kama mwenye mali anajua. Mkataba useme nani anatengeneza paa na michirizi, kwa sababu maji ya paani ndiyo yanayoua nyumba hizi. Kutoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi, kubadili dirisha au kuongeza choo kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo lote limo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Chukueni barua ya serikali ya mtaa huko Tabata mkaripoti kwa sheha, kiongozi wa mtaa wa huku. Tengenezeni orodha ya vyombo vyote, nakala nne, na risiti za vile vipya, kwa ajili ya watu wa forodha bandarini.

Melini mzigo mwingi hutozwa kwa ujazo, basi vitanda na meza zifunguliwe, na skrubu za kila kimoja zifungwe kwenye kitambaa na kufungwa kwenye mguu wake. Sanduku lisizidi kilo 20, kwa kuwa kila moja litapandishwa ngazi kwa bega. Mtungi wa gesi uacheni, nunueni mwingine huku. Jenereta limwagwe mafuta. Friji lisafiri limesimama. Likilazwa, lisimame siku nzima kabla ya kuwashwa.

Mtu mmoja avuke kabla ya mzigo, mwingine abaki mpaka upakiwe. Kutoka bandarini Malindi kirikuu, ile pikapu ndogo, kitaleta vitu mpaka ukingoni mwa vichochoro, na kila kirikuu pengine ni safari tatu au nne za rikwama. Anzeni baada ya alfajiri, mmalize kabla soko la Darajani halijajaa watu. Ijumaa iacheni. Patana na mahamali kwa kazi nzima hadi chumbani, utaje ghorofa tangu mwanzo, kwani bei ya mlangoni na bei ya ghorofa ya pili ni mbili tofauti.

Ndani, kila kabati liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite. Televisheni isitundikwe, kuta hizo humomonyoka kwenye msumari. Tumieni vidaka, vile vishubaka vya ukutani, na meza. Rangi ya mafuta msipake, hufungia unyevu ndani mpaka ibabuke. Chokaa inatosha.

Nitumie vipimo vya ngazi na vya lile kochi la kona mara mumeo akirudi, na umwambie apige picha ncha za boriti za chumba cha nyuma, kile kilicho chini ya bafu.

Mama yako