Ile i7 ya bei rahisi ni ya mwaka gani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nasoma uhasibu mwaka wa kwanza, naishi Mbagala. Kariakoo nimeonyeshwa mashine mbili za mtumba: HP EliteBook 8460p yenye Core i7 kwa Sh 350,000, na EliteBook 840 G5 yenye Core i5 kwa Sh 650,000. Shemeji anasema nichukue i7, hiyo nyingine wananipiga. Nichukue ipi?

JIBU: Chukua 840 G5, mdogo wangu. Hela ikiwa haijatimia, subiri itimie.

Shemeji yako nisimlaumu sana, maana hiki cha "i7 inaipita i5" nakisikia kutwa, na wauzaji ndiyo wanakipalilia. i7 na i5 ni majina ya prosesa, yaani ubongo wa mashine. Tazama tarakimu zinazofuata baada ya jina hilo, ndizo zinazosema ni kizazi gani. 8460p ni mashine ya mwaka 2011. i7 iliyokuwa ikiwekwa humo, kama 2620M, ni kizazi cha pili, viini viwili (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa). Kwenye 840 G5 mara nyingi utakuta i5 kama 8250U: kizazi cha nane, viini vinne, na umeme inakula chini ya nusu ya ile.

Halafu kuna Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa "nipe elfu kumi na tano nikuwekee 11". Ataiweka kweli, kwa kuruka ukaguzi. Asichokwambia ni kwamba Microsoft hawaihakikishii mashine hiyo masasisho ya usalama, na wewe humo humo utaingia benki. Huyo kwangu si fundi.

Na nani kasema stika ya i7 ina i7 ndani? Stika hubanduliwa, na mpya zinauzwa. Hata jina unaloliona ndani ya Windows huweza kuchakachuliwa. Ukiiwasha upya kwa Restart, kwa kawaida linarudi la kweli. Kwa hiyo mashine izimwe, iwashwe mbele yako, na kwa HP ubonyeze F10 uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Prosesa utaiona hapo, pamoja na namba ya mashine (serial number). Namba hiyo ilinganishe na iliyoandikwa chini ya mashine. BIOS ikidai nenosiri na muuzaji halijui, mrudishie mashine yake. Nyingi zilikuwa za makampuni huko nje, na kuifungua mtaani maana yake ni kuchezea chipu ya mazabodi, bodi kuu ya mashine.

Ukirudi kwenye Windows, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na inachojaza sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 mWh (kipimo cha umeme wa betri) na ya pili 20,000, basi "inakaa saa nne" ni porojo za dukani. Toa bei ya betri mpya kwenye hiyo 650,000. Kibodi, kamera na tundu la chaji utavijaribu mwenyewe, havihitaji fundi.

Waranti ya mdomo usiikubali. Risiti iandikwe namba ya mashine, prosesa kwa tarakimu zake zote na siku za kurudisha, hata zikiwa saba tu. Wakigoma kuandika prosesa, unajua kwa nini.