Jibu: James Ruse alihukumiwa kunyongwa, mbona yuko hai Australia?

Habari mkuu. Umekwama hapa: Ruse, Mwingereza, alihukumiwa kifo 1782 kwa kuvunja nyumba na kuiba, kisha unamkuta Australia Januari 1788 na kifungo cha miaka 7, na 1789 tayari ni mtu huru. Ukahisi ni watu wawili. Ni huyohuyo mmoja.

Mimi kwenye kumbukumbu hizi za wafungwa huanza na tarehe ya hukumu, siyo ya meli. Kifo kilibadilishwa kuwa miaka 7 ng'ambo, na miaka ilianza kuhesabika mahakamani. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimefunga njia ya kupeleka wafungwa kule, hivyo miaka mingi ilimwishia ndani ya Dunkirk, meli kuukuu ya kufungia wafungwa iliyotia nanga Plymouth, kabla ya kupandishwa Scarborough, meli iliyompeleka Australia.

Kesi yake usiitafute kwenye kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, kule ni kesi za London na Middlesex. Alihukumiwa Bodmin, Cornwall.

Alipomaliza kifungo, Phillip, gavana wa koloni hilo, alimpa shamba la majaribio karibu na Parramatta, ng'ambo ya Sydney. Mbolea hakuna, ng'ombe wa kulima hakuna. Alichoma magogo, akafukia majivu, akageuza udongo kwa jembe la mkono pamoja na majani yake. Mwaka 1791 akamilikishwa ekari 30. Ardhi hiyo ilikuwa ya Waburramattagal, wenyeji wa asili wa hapo, nao hawakuulizwa. Hilo liandike pia.

Mkewe Elizabeth, mfungwa wa meli ya Lady Juliana, mtafute kwenye kumbukumbu kwa jina la Perry na pia Parry.